Huku Kwetu Kijani Tele, Tutunze Nini?

Ukitoka Tukuyu kuteremka Kyela, mashamba ya chai yanabaki nyuma, sweta linavuliwa, na mbele yako kunafunguka uwanda wa migomba, michikichi, mikakao na mpunga. Ukifika katika kijiji kimojawapo cha kata ya Makwale, ukakaribishwa chini ya mwembe na kusema umekuja kuzungumza habari za mazingira, utasikilizwa. Watu wa huku wana adabu kwa mgeni. Ila ukimaliza, mzee mmoja atajikohoza na kuuliza: "Mwanangu, ndaga (asante) kwa maneno yako. Lakini huku kwetu kijani tele. Mvua inanyesha mpaka tunaomba ipungue. Tutunze nini? Si mngeanzia Dodoma?"

Wanaokwenda vijijini kuhamasisha upandaji miti hulikwepa swali hili. Hutoa tabasamu, kisha hugawa miche. Mimi naliona ndilo swali la maana kuliko yote, na mzee ana hoja. Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, wakati Kyela hupata zaidi ya 2,000. Ukichomeka kijiti cha mua ardhini huku, kinachipua kabla hujarudi kukitazama. Mwenye shibe hiyo anaelezwaje habari ya njaa?

Jibu langu ni kwamba rangi ya majani haipimi kitu. Kinachopimwa ni vitu vinavyotoka kwenye ua na shamba la mtu bila yeye kuvitazama: udongo unaokwenda mtoni, moshi unaokwenda kifuani, mfuko unaokwenda ziwani. Na watu wanaoweza kuvifuatilia vitu hivyo siku kwa siku ni majirani waliojiunga katika kikundi, ambao huonana kila wiki hata kama hakuna mradi wala posho.

Maji yanashuka na mizigo

Tuanze na ngazi. Kilele cha mlima Rungwe kiko karibu mita 2,960 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi. Kati ya viwili hivyo, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 50 na ushei tu. Maji yanaporomoka karibu kilomita mbili na nusu kwenda chini katika umbali ambao bodaboda anaumaliza kwa saa moja na kidogo. Huko juu mteremko ni mkali, maji yana mbio, yanachukua udongo. Yakifika uwandani mbio zinakwisha, yanautua mzigo, kitanda cha mto kinapanda, na mvua inayofuata inakosa pa kupita.

Ndiyo maana mafuriko ya Kyela, yanayokuja zaidi Aprili na Mei, si habari ya wingi wa mvua peke yake. Mvua kubwa ilikuwepo tangu enzi za mababu. Mto uliojaa mchanga ni kama sufuria iliyojaa ukoko: ukitia maji yaleyale ya jana, leo yanamwagika. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote inapita katika uwanda huu. Songwe huenda mbali zaidi: huhama njia, na kwa kuwa ndio mpaka wetu na Malawi, mkulima anaweza kuamka akakuta mto uko upande mwingine wa shamba lake.

Udongo huohuo una mashtaka mengine. Wapenzi wa samaki wa Nyasa wanamjua mbasa, samaki mrefu wa fedha ambaye mgeni akila mara moja haulizi tena kwa nini watu wa Kyela wanajisifu. Mbasa huishi ziwani, lakini akitaka kutaga hupanda mtoni, akatafuta changarawe safi zenye maji yanayopita. Mto ukijaa tope, changarawe hufunikwa na mayai hukosa hewa. Anayelima mpaka ukingoni mwa mto anagusa kitoweo cha mtu wa Matema, kule ziwani, asiyemjua hata kwa sura.

Na ziwa lenyewe halina haraka. Nyasa lina kina cha mita 700 hivi, na aina za samaki zilizomo zinazidi za ziwa lingine lolote duniani. Maji yake hutoka kwa mlango mmoja tu, mto Shire, kule kusini kabisa upande wa Malawi, na huo hutoa kidogo, kwa sababu maji mengi huondoka kwa kugeuka mvuke. Wataalamu wanakadiria kwamba ingechukua mamia ya miaka maji ya ziwa zima kutoka kwa njia ya Shire. Mfuko wa plastiki hauwezi kugeuka mvuke. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia Juni 1, 2019, na sokoni kweli imepungua. Lakini vifungashio vya pombe, chupa za soda na pakiti za biskuti bado vinasubiri mvua kwenye mitaro ya kila senta, na mvua ya Kyela haikawii kuvifuata.

Kwa ufupi hadi hapa: Makwale haina upungufu wa kijani. Ina tatizo la kuwa katikati ya ngazi, inapokea ya juu na kupeleka chini. Sehemu inayoweza kuishughulikia yenyewe ni ile inayozaliwa kwenye ua na shamba.

Kikundi hakianzi na miti

Vikundi vingi vya mazingira hufa, na sababu naijua. Vinaanzishwa siku mgeni anapokuja na gari. Watu 30 wanajiandikisha, wanachagua mwenyekiti, katibu na mhazini, wanapiga picha na miche. Gari likiondoka, kikundi kinabaki na jina zuri na mhuri.

Vinavyodumu vina kitu kingine cha kuwakutanisha, na kwa Tanzania ya leo kitu hicho mara nyingi ni VICOBA. Kwa asiyevijua, hii ni benki ya majirani: wanachama hukutana kila wiki, kila mmoja hununua hisa kwa kiasi walichokubaliana, fedha hufungiwa kwenye sanduku lenye kufuli zaidi ya moja na funguo hushikwa na watu tofauti, wanakopeshana kwa riba ndogo, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Pembeni kuna mfuko wa jamii, yaani fedha ya dharura ya msiba na ugonjwa ambayo haikopeshwi kwa riba. Mtindo huu wa akiba na hisa ulianzia kwa wanawake wa vijijini nchini Niger mwaka 1991, ukasambaa Afrika nzima. Haukuanza na mazingira hata kidogo. Ulianza na shida ya fedha, na kwa sababu shida ya fedha hairudi kwao, watu wanaendelea kuja.

Mahali kama Makwale, kazi ya mazingira ikipandwa juu ya kikao ambacho kipo tayari, inaota. Ikiitiwa kikao chake peke yake, watu watahudhuria mara mbili.

Hapa nichomeke jambo. Kuishi na kufanya kazi kwa makundi si ugeni kwa Wanyakyusa, wenyeji wa huku. Zamani vijana wa rika moja waliondoka kwenye nyumba za wazazi wao wakajenga kijiji chao, wakakua humo na kuzeeka pamoja. Monica Wilson, mtafiti aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930, alivishangaa vijiji hivyo vya marika hadi akaviandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1951. Vijiji hivyo havipo tena kwa umbo lile. Ila mtu akikuambia kwamba watu wa huku hawawezi kushirikiana mpaka wafundishwe na mradi, mwambie asome historia kwanza.

Mafiga, na jiko la shina la mgomba

Tuingie jikoni, kwani huko ndiko kazi ya kila siku iliko, na huko ndiko akina mama wanakotoa hukumu wasiyoisema kwenye mkutano.

Mafiga matatu ni teknolojia ya ajabu: hayana gharama, yanapokea sufuria ya ukubwa wowote, na yanahama nawe. Ubaya wake ni joto. Katika kila magogo 10 unayochoma, joto linaloingia kwenye chakula halizidi sana la gogo moja. Mengine yanapasha hewa, kuta na macho ya mpishi. Moshi wa majumbani, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, huua watu karibu milioni 3 kila mwaka ulimwenguni, wengi wao wakiwa wanawake na watoto waliokuwa karibu na moto. Serikali ililichukua jambo hili kwa uzito: Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikishia nishati hiyo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nishati safi maana yake ni gesi, umeme, bayogesi na vyanzo vingine visivyotoa moshi wa kuumiza.

Lengo ni jema. Lakini kati ya leo na mtungi wa gesi kuna kipindi, na familia inakula kila siku ya kipindi hicho. Mtungi mdogo ukiisha unadai fedha ya mkupuo. Kuni za matawi ya mkakao uliopogolewa hazidai kitu. Kwa hiyo kikundi chenye akili hakisubiri. Kinajenga majiko banifu, yaani majiko yaliyofungwa pembeni ili joto liende kwenye sufuria na moshi upungue.

Namna moja inayotumika sana Uganda inaifaa Kyela kana kwamba ilibuniwa hapa. Unakanyaga udongo wa kichuguu au wa mfinyanzi pamoja na pumba za mpunga. Pumba zikiungua ndani ya udongo zinaacha vitundu vya hewa, na hewa hiyo inazuia joto lisitoroke. Kisha unakata vipande vya shina la mgomba, unavisimamisha pale ambapo moto na njia ya moshi vitakuwa, unashindilia udongo kuvizunguka. Udongo ukikaza, unachonga na kutoa mgomba, linabaki jiko lenye matundu laini. Unaliacha likauke wiki mbili au tatu kabla ya kuliwasha. Kiwandani hakuna kilichonunuliwa. Kuni zinapungua karibu nusu, likijengwa na kutumiwa vizuri.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye kazi. Majiko mengi banifu nchini yamegeuka meza ya kuwekea masufuria, na sababu zake ni za jikoni kabisa:

- Mlango wa moto ni mdogo, hivyo kuni lazima zipasuliwe. Nani anapasua? Kama baba hajaongezewa kazi hiyo, mama anarudi kwenye mafiga, ambako gogo zima linasukumwa taratibu.
- Tundu la sufuria lina kipimo kimoja. Msiba ukitokea na mbalaga (ndizi za kupika) ya watu 100 inahitajika, jiko hilo halina msaada. Hili lisemwe mapema, watu wasilione ni uongo.
- Ugali unasongwa kwa nguvu. Jiko lisilo imara linapasuka mwezi wa kwanza.
- Kyela maji huingia ndani. Jiko la udongo lililojengwa chini sakafuni likilowa linarudi kuwa tope. Linyanyuliwe juu ya matofali.

Kikundi chenye wanawake 20 kikizunguka nyumba moja baada ya nyingine, kila Jumamosi jiko moja, baada ya miezi mitano nyumba zote zimepata, na wajenzi wameshajua kosa la jiko la kwanza walipofika la sita. Hapo ndipo zamu inapoushinda mradi: fundi wa mradi hujenga akaondoka, jirani anaonekana kila siku na jiko lake likipasuka ataambiwa.

Kuna kifaa cha bei rahisi zaidi ambacho sijui kwa nini hakijapata heshima yake: kapu la kuhifadhi joto. Chukua kapu kubwa, jaza majani makavu ya mgomba au vitambaa, acha shimo la sufuria katikati, shona mto wa kufunikia. Maharage yaliyolala kwenye maji usiku yakichemshwa kama nusu saa hivi, ukiyatia ndani ya kapu yakiwa bado yanatokota, yanaendelea kuiva yenyewe wakati uko shambani. Wali nao unakaukia humo bila ukoko. Wanaume wakiambiwa wanacheka, mpaka wakute chakula kina moto saa nane mchana na jikoni hakuna aliyekaa.

Kokoa na wenzake

Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka Kyela. Wenyewe husema kokoa. Inauzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi na stakabadhi ghalani, utaratibu ambao mkulima anapeleka mzigo ghalani, anapewa hati ya kiasi alichokabidhi, na wanunuzi wanashindana bei mbele ya watu. Mwaka 2024, baada ya mavuno kuharibika Côte d'Ivoire na Ghana, nchi mbili zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, bei katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani. Miaka miwili kabla ya hapo ilikuwa chini ya 3,000.

Bei ya namna hiyo inalevya. Na kakao si mti mtakatifu: Côte d'Ivoire imepoteza sehemu kubwa mno ya misitu yake tangu miaka ya 1960, na kakao ni miongoni mwa sababu kuu. Watu walifyeka msitu, wakapanda kakao peke yake juani, udongo ukachoka, wakahamia msitu mwingine. Kyela iliponea kwa kuwa bustani zake ni ndogo na zimechanganywa. Mkakao unakaa chini ya mgomba na mwembe, mparachichi uko kando, michikichi inachungulia juu. Mvua ya Aprili inapigwa na majani ya ngazi tatu kabla haijagusa ardhi, na chini kuna zulia la majani makavu. Shamba la namna hiyo haliteremshi udongo mtoni. Linautunza bila mwenyewe kujua kwamba anafanya kazi ya mazingira.

Mgomba humo una vibarua vitatu. Unampa kivuli mkakao mchanga, unailisha familia, na majani yake yanafunika punje za kakao zinapovundikwa, yaani zinapoachwa zichachuke kwa siku tano hadi saba ili zipate harufu ya chokoleti. Mkulima anayeng'oa migomba ili aongeze mistari ya kakao anadhani ameongeza mapato, kumbe amewafukuza wafanyakazi watatu.

Kazi ya kikundi hapa ni usafi, na usafi wa kakao una maana yake maalumu. Maganda yakirundikwa mabichi chini ya miti, na tunda lililooza likiachwa likining'inia, ugonjwa wa kuoza matunda unapata makao, na mvua inausambaza. Dawa ya kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia kemikali za viwandani, ni mikono: kuchuma matunda yaliyooza kila juma, kupogoa ili hewa ipite, kuyapeleka maganda kwenye shimo la mboji yaive mbali na shamba. Lakini mkulima mmoja akisafisha na jirani yake akaacha, ugonjwa hauna heshima ya mpaka. Ndiyo maana kusafisha kwa zamu, leo kwa mama huyu, Jumanne kwa kaka yule, kunafaa kuliko semina.

Upo pia mkono wa mbali. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzuia kakao iliyolimwa kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020, na kila shamba litatakiwa kuonyeshwa lilipo kwenye ramani. Utekelezaji wake umesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini haujafutwa. Kikundi ambacho kimeshachukua vipimo vya mashamba ya wanachama wake kwa simu kitakuwa mbele siku hiyo ikifika.

Mpunga na pumba nivipitie haraka. Mchele wa Kyela hauhitaji niusifie. Harufu yake inajitangaza. Mashine za kukoboa zinaacha vilima vya pumba vinavyochomwa moto ovyo na kufukiza senta nzima, wakati pumba hizo zinaweza kufunika udongo wa migomba, kutandikwa kwenye banda la kuku au kuchomea tanuri la matofali ambalo vinginevyo lingekula miti mizima. Kuhusu kilimo shadidi cha mpunga, kile cha kupanda mche mmojammoja ukiwa mchanga na kukausha shamba kwa zamu, nimeulizwa mara nyingi. Kilibuniwa Madagaska miaka ya 1980, kinaokoa maji na mbegu, na kinapunguza methani, gesi inayotoka kwenye tope lililofunikwa maji muda mrefu na kuchangia joto la dunia. Lakini kinamtaka mkulima aamue lini maji yaingie na lini yatoke. Kwenye mashamba mengi ya Kyela anayeamua ni mto. Penye mfereji na lango, kijaribiwe. Kwingine kote tusiwachoshe watu.

Mita sitini

Sasa penye ugomvi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kwenye karatasi ni sawa. Ardhini, mita 60 za familia fulani ndizo shamba lote walilorithi, tena ndiko kuliko na rutuba kuliko kwingine kote. Afisa akija na utepe wa kupimia, anapata ukimya. Akiondoka, jembe linarudi.

Kikundi hakina polisi, na hiyo ndiyo nafuu yake, kwa maana kinalazimika kukaa na kuzungumza. Naona njia inayowezekana ni ya hatua. Mita chache za kwanza kutoka majini zisiguswe kabisa, zipandwe mianzi na matete ambayo mizizi yake inashika ukingo kama vidole. Watu wa huku wanaujua mwanzi, babu zao walijengea nyumba, na unavunwa bila kung'oa shina. Nyuma yake ije migomba na miti ya matunda, ambayo mwenye shamba anaendelea kula. Mahindi na mihogo, vinavyohitaji kutifuliwa kila msimu, vihamie juu. Hiyo haitimizi mita 60 zote kwa mkupuo, na mwanasheria atanisahihisha. Lakini ukingo wenye mianzi na migomba ni bora kuliko ukingo wenye kibao cha onyo na mahindi.

Mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi wala mto. Inakua upesi, nguzo zake zina soko, na kiu yake inajulikana. Ipelekwe kwenye kipande kikavu cha mwenyewe.

Fedha za hewa ukaa ziko wapi?

Swali hili siku hizi linakuja kabla ya chai. Hewa ukaa ni gesi inayotoka tunapochoma kuni, mkaa wa mawe na petroli, na inayofanya dunia iwe na joto. Mti unaivuta na kuihifadhi kwenye mbao zake. Kampuni au mtu wa mbali anaweza kulipa ili miti ya mahali fulani itunzwe, akahesabu kwamba amefidia moshi wake.

Mfano ninaouamini uko Gazi, pwani ya kusini ya Kenya. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko katika mradi uitwao Mikoko Pamoja, na tangu 2013 wanauza hewa ukaa, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zimeleta maji na vitabu vya shule. Lakini piga hesabu: kwa miaka ya mwanzo mapato yalikuwa kiasi cha dola 12,000 hivi kwa mwaka, kwa vijiji vyenye maelfu ya watu. Ni dola chache kwa kila kichwa. Mradi ule unafanikiwa kwa sababu fedha hazigawiwi mifukoni, zinakwenda kwenye bomba ambalo kila mtu anachota. Kikundi kikiambiwa kwamba miti 500 itawatajirisha, kimwombe msemaji akae chini, apewe maji ya kunywa, kisha aonyeshe hesabu.

Fedha iliyo karibu zaidi ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayokopeshwa bila riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Haikuwekwa kwa ajili ya mazingira, ila kitalu cha miche ya kakao na miti ya kivuli ni biashara kama nyingine. Kikundi kisajiliwe, kiwe na katiba na akaunti, kikamwone afisa maendeleo ya jamii.

Daftari lenye safu mbili

Kila halmashauri nchini ina lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na siku ya kitaifa ya upandaji miti ilipangwa kuwa Aprili 1. Kwa Kyela tarehe hiyo ina kichekesho chake: mche uliopandwa ukingoni mwa mto Aprili 1, Mei unaweza kuwa safarini kuelekea ziwani. Makwale wapande mvua zinapoanza, Novemba na Desemba, ili mizizi iwe imeshika kabla ya Aprili.

Wangari Maathai alipoanza kazi yake ya kupanda miti Kenya mwaka 1977, hakuwa na miti milioni. Siku ya kwanza ilipandwa miti saba. Baadaye akina mama waliojiunga naye walilipwa senti chache kwa mche, na malipo yalitoka kwa mche uliothibitishwa kuwa hai. Waliopanda na kusahau hawakupata. Shinyanga nayo, ambayo wakati mmoja ilikuwa ikigeuka jangwa, ilirudisha zaidi ya hekta 300,000 za malisho na miti kuanzia mwaka 1986, na sehemu kubwa hawakupanda chochote: walitenga eneo kwa utaratibu wa kale wa Wasukuma uitwao ngitili, wakaacha visiki vichipue. Mti ambao haukukatwa hauna sherehe, lakini uko hai.

Basi akina mama na akina baba wa Makwale, mnunue daftari moja la kurasa mia. Kila ukurasa uwe na jina la mwanachama na safu mbili: iliyopandwa, na iliyo hai. Majiko yaandikwe vivyo hivyo: yaliyojengwa, na yaliyopikiwa juma hili. Anayehesabu asiwe mwenye shamba, awe jirani yake, tena aende mwezi wa Juni, maji yakishapungua. Safu ya kwanza mkipenda mpeni mgeni mwenye gari. Ya pili isomwe kwa sauti siku ya kugawana, kabla sanduku halijafunguliwa.